Mlango, Sanduku na Sindano: Habari za Vikundi vya Kushona vya Kina Mama, Masisi na Walikale

Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wazee, na kina mama wa Kivu hawana haja ya kufundishwa methali hiyo. Hulima pamoja, huteka maji pamoja, hulia msiba pamoja. Hata kushona, kazi ambayo mtu aweza kuifanya peke yake mbele ya nyumba yake, wengi wapenda kuifanya katika kikundi. Ndiyo maana swali moja husikika mara kwa mara katika parokia zetu, hasa midomoni mwa wanawake waliohamia karibuni: “Niingie kikundi gani?”

Swali hili laonekana dogo. Walakini mama anayeuliza hivyo ataweka katika kikundi hicho fedha zake chache, saa zake chache, na pengine siri za nyumba yake. Akichagua vibaya aweza kuvipoteza vyote vitatu. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twapenda kulichukua swali hili kwa uzito wake. Nasi twaona kwamba halijibiwi vizuri kwa kutazama vikundi vya leo tu. Yatupasa kujua kwanza vimetoka wapi, na ni mambo gani yaliyoviimarisha au kuvivunja katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale.

KAZI ISIYOTAKA MTU MMOJA

Tuchukue mfano wa blanketi la viraka. Fundi akikata kikwembe, vipande vidogo hubaki chini ya meza yake. Mmoja huviona ni takataka. Mwingine huviokota, huvinyoosha kwa pasi, huvikata vilingane, kisha huviunga kimoja kimoja mpaka vipate upana wa kitanda. Halafu hutandika chini yake kitambaa kizima, na katikati huweka nguo kuukuu au blanketi lililochakaa. Mwisho hupitisha sindano toka juu hata chini, mstari kwa mstari, ili tabaka zote tatu zishikane zisihame.

Kuunga vipande ni kazi ya mtu mmoja. Kushikanisha tabaka ni kazi nyingine. Nguo ni pana, inateleza, inajikunja; ukiishika huku inahama kule. Lakini wanawake wanne wakikaa pande nne, wakaivuta pamoja na kuishona pamoja, kazi huenda upesi na mshono hunyooka. Tena mikono ikiwa inashona, midomo iko huru. Watu huulizana habari za watoto, za bei ya chumvi, za mgonjwa aliye hospitalini. Hivyo kikundi huzaliwa na kazi yenyewe; hakihitaji hotuba.

Lakini haja za watu si moja. Masisi ni nchi ya milima, ya malisho na ya ukungu. Usiku baridi huingia mifupani, na blanketi zito ni mali. Eneo lake halifiki kilometa za mraba 5,000, na vilima vyake vina watu wengi. Walikale ni zaidi ya kilometa za mraba 23,000, tena sehemu kubwa ni msitu, mvua na joto. Huko blanketi zito halina kazi kubwa. Afadhali shuka jepesi, nguo za watoto, au kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Tena njia ni ndefu, na kijiji kiko mbali na kijiji. Basi kikundi kinachofaa Masisi si lazima kifae Walikale. Neno hili la kwanza tulishike.

KABLA YA SINDANO

Kabla ya kitambaa cha merikani kufika, watu wa nchi hizi walikuwa na kazi zao za mikono. Walisuka vikapu na mikeka, walifinyanga vyungu. Katika msitu waliponda magome ya miti mpaka yakalainika na kuwa nguo. Kazi nyingi zilifanywa pamoja, lakini hakuna aliyeuliza aingie kikundi gani. Mwanamke alizaliwa katika ukoo mmoja na kuolewa katika ukoo mwingine. Wanawake wa huko alikoolewa ndio waliokuwa wenzake wa jembe na wa kikapu, na mama mkwe alikuwa mwalimu wake, apende asipende.

Palikuwa pia na vyama ambavyo mtu aliingia kwa kutaka mwenyewe. Maarufu kuliko vyote katika sehemu hizo ni Bwami ya Warega, watu ambao nchi yao yapakana na Walikale upande wa kusini. Bwami ilikuwa na ngazi nyingi, na hakuna aliyeingia kwa kupita tu njiani. Mtu alihitaji ndugu wa kumchangia mali, alihitaji mlezi wa kumwongoza, na alihitaji kungoja huku tabia yake ikitazamwa. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao pamoja na waume zao. Ngazi yao ya juu iliitwa bunyamwa. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na misheni nazo hazikuipenda.

Sisi hatutaki kuirudisha Bwami. Twataka kuonyesha jambo moja tu ambalo wazee wa msituni walilijua vema. Chama kinachotaka kumjua mtu kabla ya kumpokea hakimdharau. Nacho humpa yule mtu nafasi ya kukijua. Haraka haina baraka, na katika mambo ya vyama methali hii ni kweli mara mbili.

NYUMBA YA MASISTA NA NYUMBA YA SERIKALI

Sindano na uzi viliingia pamoja na wafanyabiashara, na elimu ya kuvitumia iliingia zaidi pamoja na misheni. Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers aliwaanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868, na mwaka uliofuata akawaanzisha Masista Weupe. Walipofika katika nchi za maziwa makuu, Masista hao, na wengine waliowafuata, walifungua nyumba za kushonea karibu na kanisa. Wasichana walijifunza kukata nguo, kushona, kufuma na kudarizi. Walishona nguo zao wenyewe, na walishona pia vitambaa vya altare.

Faida yake ilikuwa kubwa. Msichana alitoka na kazi mkononi, na kazi ya mkono haiibwi. Mama wengi waliwafundisha binti zao, na hao wakawafundisha wao. Lakini lazima tuseme kweli yote. Katika nyumba ile Sista alikuwa mwalimu na wasichana walikuwa wanafunzi. Yeye ndiye aliyechagua kitambaa, aliyeweka saa, aliyeshika ufunguo wa kabati. Msichana alijifunza kushona vizuri; kuendesha kikundi hakufundishwa.

Serikali nayo ilikuwa na nyumba zake, zilizoitwa Foyer Social. Zilianza katika miji mikubwa ya Kongo kabla ya vita vya pili vya dunia, na baadaye zikaenea. Ile ya Usumbura, mji uitwao Bujumbura siku hizi, ilifanya kazi toka mwaka 1946. Wake za makarani na za wafanyakazi waliitwa kujifunza kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto wachanga. Walimu wakubwa walikuwa mabibi kutoka Ubelgiji, wakisaidiwa na wanawake Waafrika. Waalimu hao walikwenda hata majumbani kutazama usafi, na nyumba iliyopendeza iliweza kupata zawadi.

Hapa pia kulikuwa na faida, na hapa pia kulikuwa na upungufu. Mlango wa nyumba hiyo ulipimwa kwa kazi ya mume: mke wa karani alikaribishwa kwanza. Mama mjane wa kijijini, ambaye alihitaji kazi ya mkono kuliko wote, alikuwa mbali nao. Tena kikundi kilichosimama kwa nguvu za mtu mmoja kutoka nje huwa katika hatari siku mtu huyo anapofunga sanduku lake la safari. Mwaka 1960 uhuru ulipofika Kongo na Wabelgiji wengi wakaondoka kwa haraka, nyumba nyingi za namna hiyo zilipata shida. Zilizoendelea ni zile ambazo watu wenyewe, au parokia, au Masista walizibeba.

JIRANI NA JIRANI

Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu, waliamua kwamba Kanisa lisitegemee majengo ya misheni tu, bali lisimame juu ya jumuiya ndogo za Wakristo wanaokaa karibu na kusaidiana. Huku Kivu jumuiya hizo twaziita shirika. Katika shirika mtu hujulikana kwa jina na kwa nyumba. Mgonjwa hutembelewa, maiti huzikwa, mwenye kuzaa huletewa chakula. Vikundi vingi vya kina mama vilipata udongo mzuri humo, maana wanawake walikuwa wamekwisha kujuana kabla ya kuweka sindano mezani.

Pamoja na hayo kina mama walikuwa na desturi yao ya likirimba. Tuseme wanawake 10 wanakubaliana kutoa kiasi fulani kila juma. Juma la kwanza fedha zote huchukuliwa na mmoja, juma la pili na mwingine, mpaka wote 10 wamepokea. Hakuna riba, hakuna karatasi nyingi. Mama aliyepokea fedha za wenzake 9 kwa siku moja aweza kununua kikwembe kizima, au kuanza kulipa mashini ya kushona ambayo peke yake asingeipata kwa miaka. Nguvu yake yote ni uaminifu. Na udhaifu wake pia ni huo: aliyepokea mapema akihama, waliobaki nyuma hulia.

Ili kutibu udhaifu huo, siku hizi vikundi vingi hufuata mtindo mwingine. Chama cha misaada CARE kiliuanzisha huko Niger mwaka 1991, ukaenea katika Afrika. Nchini Kongo hujulikana kwa jina la AVEC. Kikundi huwa na watu 15 hadi 25 hivi. Huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, naye atunzaye sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, mikopo hutolewa mbele ya masikio ya wote, na baada ya mwaka mmoja hivi kila mtu hugawiwa akiba yake na faida. Kikundi cha kushona kikiwa na sanduku la namna hii, mama asiyejua kusoma huona kwa macho yake fedha zake zilipo. Hilo ni jambo kubwa kuliko sare nzuri.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa twafika penye neno chungu, nalo hatuwezi kuliruka, maana Masisi na Walikale zimelilipia kwa damu.

Kati ya mwaka 1937 na mwaka 1955 Serikali ya Wabelgiji iliwaleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, ikawakalisha Kivu ya Kaskazini, wengi wao Masisi, upande wa Gishari. Yenyewe ilitaka kupunguza msongamano wa watu kule na kupata wafanyakazi wa mashamba huku. Basi juu ya vilima vile vile walikaa Wahunde na watu wa asili ya Rwanda, Wahutu na Watutsi. Sokoni na kanisani Kiswahili kiliwakutanisha. Lakini habari ya nani mwenye ardhi na nani raia haikumalizwa, na sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliongeza uchungu badala ya kuupunguza.

Katika miaka hiyo ya 1980 vyama vya kusaidiana vilivyojengwa juu ya kabila vilipata nguvu. Vingi vilikuwa na shabaha njema mwanzoni: kulima, kukopeshana, kuzikana. Lakini mlango wake ulikuwa kabila, na chama ambacho mlango wake ni kabila huwa chepesi kugeuzwa silaha siku wakubwa wanapogombana. Mwezi Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale. Moto ukaenea mpaka Masisi. Maelfu wakafa, na wengi kuliko hao wakakimbia. Mwezi Mei 1996 hata wakimbizi waliotafuta salama katika monasteri ya Mokoto, Masisi, walishambuliwa, na wengi wakauawa.

Kikundi cha kushona si jeshi wala si baraza la wakubwa. Blanketi la viraka halikuanzisha vita, wala halitaimaliza. Lakini tufikiri kidogo. Mama aliyekaa mwaka mzima akivuta upande mmoja wa nguo, na mwenzake wa kabila lingine akivuta upande wa pili, anajua jambo ambalo hakuna mhubiri wa chuki awezaye kumwondolea kwa urahisi. Anajua jina la mtoto wa mwenzake. Anajua mwenzake hurudisha mkasi alioazima. Kwa sababu hiyo twasema bila kusitasita: mtu anapotazama kikundi, atazame kwanza mlango wake.

Vita haikuishia hapo. Kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 2 Agosti 2010 watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, huko Walikale, Luvungi ikiwa mmojawapo, na watu zaidi ya 300 wakabakwa. Wanawake wengi wa Kivu walioteswa hivyo katika miaka hiyo walipelekwa kutibiwa Goma na Bukavu. Katika hospitali ya HEAL Africa, mjini Goma, waliokuwa wakingoja matibabu walifundishwa kushona. Kushona hakuponyi jeraha la namna hiyo. Lakini mwanamke anayeshona ana kitu cha kutazama anapozungumza, na ana sababu ya kunyamaza anapotaka kunyamaza. Vikundi vya namna hiyo vilitufundisha sheria moja ambayo kila kikundi kingefaa kuishika: mtu asilazimishwe kusimulia yaliyompata, na lililosemwa juu ya nguo lisitoke nje ya mlango.

Mwaka 2025 mji wa Masisi uliingiliwa mwezi Januari, na mji wa Walikale ukaingiliwa mwezi Machi. Watu waliokwisha kukimbia mara mbili au tatu walikimbia tena. Ndipo swali letu lapata uzito wake wote. Mama aliyefika mahali pageni bila shamba, bila ukoo, bila mashini yake, hatafuti kikundi kwa kujifurahisha tu. Anatafuta mtu atakayegundua kwamba leo hakufika, na kuja kubisha hodi.

WENGINE MBALI NASI

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kivu peke yake. Watu wengine wenye damu ya Afrika wameyapitia, na viraka vyao vina jambo la kutufundisha.

Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako watu waitwao Wasiddi. Wahenga wao walitolewa Afrika Mashariki kama watumwa, wengi wakapitia mikononi mwa Wareno huko Goa. Wake zao hushona blanketi la viraka liitwalo kawandi, kwa vipande vya nguo kuukuu. Huanza pembeni na kuzunguka mpaka wafike katikati. Katika pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua, na husema kwamba blanketi lisilo na maua hayo liko uchi. Miongoni mwa Wasiddi hao wamo Wakatoliki, wamo Waislamu, wamo Wahindu, na kazi ni moja. Mwaka 2004 wanawake walianzisha chama cha ushirika ili wauze kazi yao.

Huko Marekani, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake weusi walianzisha mwaka 1966 ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakisaidiwa na padri mmoja Mwanglikana, Francis X. Walter. Wakati huo mtu mweusi aliyejiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa katika nyumba na shamba. Wanawake hao waliuza mablanketi yao hata New York, wakanunua ardhi, na mwaka 1969 wakapata nyumba yao ya kushonea. Kisha mwaka 1972 wakapata kazi ya kampuni kubwa ya Sears: kushona foronya za mito, nyingi, za namna moja. Kazi hiyo ilileta mshahara wa hakika. Lakini katika foronya za namna moja, hakuna awezaye kutambua mkono wa nani. Hapo kila mama na ajiulize mwenyewe: je, nataka zaidi fedha, au nataka zaidi kazi yenye mkono wangu? Majibu yote mawili ni ya heshima. Ila kikundi cha jibu la kwanza si kikundi cha jibu la pili, na aliyechanganya hayo atanung'unika kila siku.

JINSI YA KUCHAGUA

Tumekwisha kuona safari yote: ukoo, nyumba ya Masista, nyumba ya Serikali, likirimba, sanduku la kufuli tatu, na mlango wa kabila ulioleta msiba. Sasa tuyakusanye mafundisho yake katika mambo matatu, ili mama yeyote aweze kuyakumbuka bila kuandika.

La kwanza ni mlango. Tazama nani amekaa ndani. Je, wamo wa kabila moja tu, wa ukoo mmoja tu, hali kijiji kina watu mbalimbali? Je, mjane amo? Aliyekimbia vita amo? Lugha wanayosema waielewa? Mtoto wa kunyonya anakubaliwa kuja na mamaye? Tena uliza habari ya kutoka, maana mlango una pande mbili. Mtu akiugua au akihama, apewa akiba yake? Chama kinachokaribisha kwa nyimbo na kushikilia mali ya anayeondoka, hicho si chama, ni mtego.

La pili ni sanduku. Fedha zahesabiwa mbele ya wote? Ufunguo uko kwa mtu mmoja au kwa watatu? Blanketi likiuzwa, fedha zagawanywaje kati ya aliyetoa vipande, aliyeunga na aliyeshikanisha? Mashini ni ya nani, na ikivunjika nani atalipa? Mama asione haya kuuliza. Aliye mwaminifu hufurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kujibu. Na kama kikundi kimeletwa na chama cha misaada, uliza jambo moja zaidi: mradi ukiisha, sisi tutabaki na nini? Mwaka 1960 ulitufundisha swali hilo.

La tatu ni sindano, yaani kazi yenyewe. Wanashona kwa mkono au kwa mashini? Wanashona mablanketi ya kujifunika, au bidhaa za soko? Mama ambaye hajui bado anafundishwa kwa uvumilivu, au huachiwa kufagia nyuzi tu? Fundi hodari naye asijidharau: kikundi kinachomtumia yeye peke yake kama mashini hakimfai. Tena tazama siku na njia. Kikundi kizuri kilicho mbali, chenye kukutana siku ya soko au saa ambayo njia ya porini si salama, si kizuri kwako wewe.

Basi usilipe siku ya kwanza. Nenda mara mbili, mara tatu. Kaa, saidia kuunga vipande, sikiliza. Angalia hasa wanavyomzungumza yule ambaye siku hiyo hayupo, maana ndivyo watakavyokuzungumza wewe. Muulize mama wa shirika lenu anayekijua kikundi hicho akusindikize, kama mlezi alivyomsindikiza mtu katika vyama vya zamani. Na kama vipo vikundi viwili vyema, chagua kile ambacho jirani zako wamo, kwa maana usiku wa taabu miguu ya karibu hufika kwanza.

Na kama hakuna kikundi kinachofaa? Usingoje mgeni aje kukianzisha. Wanawake 4 watosha kulishika blanketi pande zote nne. Ombeni vipande kwa fundi wa soko. Pateni sindano, uzi na mkasi mmoja. Kubalianeni siku, kubalianeni mchango mdogo ambao aliye maskini kuliko wote aweza kuutoa bila kulala njaa, na andikeni hesabu tangu siku ya kwanza. Wa tano akibisha hodi, msimwulize kabila lake. Mwulizeni kama amekuja na sindano. Na kama hana, mpeni moja.